Je, Vinywaji Vitamu vya Mikahawani Vinawafaa Watoto Wetu?



  

Wahariri wa jarida letu waliniomba niandike juu ya malezi. Kwanza nilikusudia kuandika juu ya adabu za mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Lakini kila niliposhika kalamu nilikumbuka jambo lililotokea nyumbani kwangu, na mwenye makosa ndani yake nilikuwa mimi mzazi. Basi nimeona niandike hilo, huenda Inshaallah likamfaa mwingine.

Yaliyonifika

Ilikuwa mwezi wa Shaaban mwaka 1445, yaani Februari 2024, siku chache kabla ya vyuo kufungwa kwa ajili ya Ramadhani. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alikuwa amemaliza kuhifadhi Juzuu Amma. Maalim wake alimchagua asome Suratun Nabaa mbele ya wazazi katika hafla ya chuo, siku ya Jumamosi asubuhi. Sikuwa na furaha kubwa kuliko hiyo. Nikamwambia, "Mwanangu, sema unachotaka, baba yako atakununulia."

Nilidhani ataomba viatu au mkoba. Akasema, "Baba, nataka ile kahawa baridi ya povu, ile aliyokunywa binti wa ami kule madukani."

Basi Ijumaa baada ya sala ya Alasiri tukatoka sisi wawili, tukaenda kwenye mkahawa mmoja hapa Mombasa, ule wa viti vya ngozi na baridi ya mashine. Kijana aliyekuwa kaunta alitia maziwa, barafu, kahawa na sirapu ya karameli ndani ya blenda, akasaga mpaka ikawa kama theluji, akaijaza kwenye gilasi ndefu, akaweka krimu juu yake kama kilemba, kisha akamwagia tena karameli juu ya krimu. Nilimwuliza, "Hii yafaa mtoto?" Akanijibu kwa adabu, "Watoto wengi wanaipenda, mzee." Ni kweli hakunijibu swali langu, lakini nami sikumwuliza mara ya pili. Nililipa zaidi ya shilingi 500, fedha iliyozidi ada ya mwezi ya mtoto mmoja chuoni kwetu. Binti yangu akainywa yote kwa mrija mpaka mrija ukalia chini ya gilasi. Ilikuwa saa 11 na robo jioni.

Usiku ule mimi nililala usingizi mzito. Alfajiri nilipomwamsha kwa sala, macho yake yalikuwa mekundu. Sikuuliza kitu. Saa 4 asubuhi akasimama mbele ya watu, amevaa buibui jipya. Akaanza vizuri, sauti ikiwa safi, mpaka akafika mwisho wa aya ya 16. Hapo akanyamaza. Maalim akamdokeza neno la mwanzo la aya inayofuata. Akalisema, akanyamaza tena. Mara ya tatu machozi yakamtoka, na Maalim akamwita akae karibu naye, akamwomba mtoto mwingine amalizie.

Nakiri mbele yenu kwamba nilikasirika. Njiani sikusema naye. Tulipofika nyumbani nikamwambia maneno ya kumlaumu, kwamba hakudurusu, kwamba ameniaibisha. Akaniachia nimalize, kisha akasema, "Baba, sikulala. Moyo ulikuwa ukienda mbio. Nilisikia adhana zote mbili za alfajiri."

Neno la bibi yake

Mama yangu anaishi nasi. Ni mtu mwenye maradhi ya sukari kwa zaidi ya miaka 15, na kila asubuhi hujidunga kidole apime damu. Binti yangu ndiye humshikia kile kimashine. Siku ile mama alikuwa ameketi mkekani akisikiliza. Akaniuliza, "Ulimpa nini mtoto?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Mimi kahawa yangu ya kwanza niliinywa nikiwa nimekwisha olewa. Wewe umempa mtoto wa miaka tisa, tena usiku wa kuamkia kazi yake, halafu unamgombeza kwa kuwa macho?"

Sikuwa na jibu. Sisi watu wa pwani kahawa tunaijua. Wazee wetu huinywa barazani baada ya Magharibi, imetoka kwenye dele, haina sukari, ndani ya kikombe kidogo ambacho hakijai kiganja, na tende au kashata pembeni. Na mtoto akisogea, huambiwa, "Wewe chukua kashata, kahawa si yako." Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini sote tulikua nayo. Mimi niliisahau kwa sababu kahawa ile ilikuja imevaa nguo nyingine. Ilikuwa baridi, nyeupe na tamu, nami nikaiona kama maziwa.

Ili tuelewane, sisemi kwamba ni kinywaji hicho peke yake kilichomsahaulisha. Kusimama mbele ya watu nako kuna hofu yake, na watoto waliolala vizuri nao husahau. Lakini mtoto aliyekesha ameondolewa silaha yake kabla ya vita, na aliyeiondoa nilikuwa mimi.

Kahawa na Waislamu

Wanafunzi wengi hawajui kwamba historia ya kahawa imefungamana na historia yetu. Mti wake asili yake ni Uhabeshi. Katika karne ya 15 ya Miladia masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wapate nguvu ya kukesha katika dhikri. Kutoka Yemen ikafika Makka na Kairo, na mwaka 1511 msimamizi wa Makka aliyeitwa Kha'ir Beg aliwakusanya wanazuoni na kuipiga marufuku. Amri iliyotoka Kairo baadaye haikuharamisha kahawa yenyewe, bali ilikataza mikusanyiko iliyokuwa ikifanyika kwa ajili yake. Wanazuoni waliendelea kujadiliana kwa miaka mingi, na mwisho wake umma ukatulia juu ya uhalali wake. Neno letu "kahawa" limetoka kwenye Kiarabu, na kutoka "kahawa" tukapata "mkahawa".

Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba makala hii inaharamisha kahawa. Ninachotaka mzingatie ni ile sababu ya mwanzo. Wale waja wema waliinywa kwa sababu inafukuza usingizi, nao walikuwa watu wazima waliokusudia kukesha. Mtoto hana haja hiyo. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Tena kile anachohifadhi mchana, akili hukiweka imara wakati wa usingizi. Tukimpa mtoto anayehifadhi Qur'ani kitu cha kumkesha, tunavunja kwa mkono mmoja tunachojenga kwa mwingine.

Ndani ya gilasi mna nini?

Baada ya siku ile nilianza kusoma na kuuliza. Mkahawa ule haukuwa umeandika vipimo vyake, kwa hiyo nilitazama takwimu zinazotolewa na Starbucks ya Marekani. Kampuni hiyo ilianza kuuza kinywaji chake cha namna hii, Frappuccino, mwaka 1995, na tangu hapo mikahawa mingi duniani imeiga. Gilasi yake ya kadiri ya mililita 470, ya karameli na krimu, ina zaidi ya gramu 50 za sukari na kafeini ya miligramu 90 hadi 100 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya vijiko 12 katika gilasi moja.

Tuanze na kafeini, ile dawa iliyomo ndani ya kahawa inayofukuza usingizi. Wizara ya afya ya Kanada imeweka kikomo cha miligramu 62.5 kwa siku kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9. Madaktari wa watoto wa Marekani wao hushauri watoto waiepuke kabisa. Binti yangu, basi, alivuka kikomo cha Kanada kwa gilasi moja. Kafeini pia haitoki mwilini upesi. Kwa mtu mzima, baada ya saa tano hivi nusu yake huwa bado imo. Aliyekunywa saa 11 jioni, saa 4 ya usiku bado anayo nusu, na nusu ya kipimo kile kwa mtoto wa kilo 26 si kidogo.

Sasa sukari. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Chama cha maradhi ya moyo cha Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 6. Aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Gilasi ile moja, basi, ni sukari ya siku mbili.

Wengine husema, "Basi tuwanunulie zile zisizo na kahawa, za vanila au chokoleti." Hilo ni afadhali kwa upande wa usingizi, ingawa chokoleti nayo ina kafeini kidogo. Lakini sukari yake hukaribiana na ile yenye kahawa. Kuondoa kahawa hakuondoi sirapu.

Mama alinirudi mara ya pili

Nilipomaliza kusoma hayo nilimwendea mama kwa fahari, nikamsomea hesabu zangu zote. Nikasema, "Unaona mama? Hii mikahawa ndiyo inayoharibu watoto." Mama akacheka. Akasema, "Huyo wa mkahawani umemwendea mara moja kwa mwaka. Hebu pima chai ya nyumba hii."

Nikapima. Nilichukua kijiko na daftari, nikafuatilia siku moja tu ya binti yangu. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa kikombe kikubwa, vijiko 3 vya sukari. Saa 4 shuleni alikunywa juisi ya pakiti, na nilipokokotoa namba za kwenye pakiti nikapata vijiko 6. Jioni chuoni chai na mahamri, vijiko 3 kwenye kikombe, mbali na sukari iliyo ndani ya mahamri yenyewe. Usiku gilasi ya sharbati ya ukwaju, vijiko 4. Jumla ni vijiko 16, yaani gramu 64. Hiyo ilikuwa siku ya kawaida, haina sikukuu wala mgeni. Tena chai nayo ina kafeini, ingawa kwa kawaida ni kidogo kuliko ya kahawa, na kikombe chake cha jioni kilikuwa kinakunywewa karibu na Magharibi.

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo niliponyamaza. Gilasi ya mkahawani ilinishtua kwa sababu ni ngeni na ni ghali. Birika la nyumbani halikunishtua kwa sababu nimelizoea, na kumbe lilikuwa likimpa mwanangu sukari nyingi zaidi kila siku, mbele ya macho ya bibi yake anayejidunga kidole. Maradhi ya sukari aliyo nayo mama yangu hayatokani na sukari peke yake. Damu ya ukoo imo, na uzito na kukaa bila kutembea vimo. Lakini mtoto wa ukoo huo ana sababu zaidi ya kuchungwa. Na nyani haoni kundule.

Halali na kilicho chema

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule vilivyo halali na vilivyo vizuri katika ardhi. Tazameni kwamba zimetajwa sifa mbili. Sisi wazazi tumekuwa hodari wa kuuliza ile ya kwanza. Tukiingia mkahawani tunauliza kama nyama imechinjwa na Mwislamu na kama sirapu haina pombe, na hayo ni maswali ya wajibu. Ile ya pili, kama kitu hiki ni kizuri kwa huyu atakayekila, tunaisahau. Kitu kinaweza kuwa halali kwa watu wote na kisimfae mtu fulani. Haluwa ni halali, lakini mama yangu haimfai.

Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kwamba asiyeweza kutosheka na matonge machache basi agawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Pia ametujulisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto hajui miligramu wala gramu. Anajua utamu tu, na hana dhambi katika hilo. Anayejua ni mimi, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Wala tusikazie hata tukawa wakali kuliko dini yenyewe. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Mtoto kufurahishwa kwa kitu kitamu ni katika huruma. Kosa langu halikuwa kumfurahisha. Nilimpa bila kuuliza na bila kipimo, katika saa isiyofaa, kisha nikamlaumu yeye kwa matokeo yake.

Tufanye nini?

Rai yangu, ambayo si fatwa, ni hii. Kinywaji chenye kahawa, kiwe cha moto au cha barafu, tusimpe mtoto mdogo. Hata zile zisizo na kahawa zisiwe za kila wiki. Siku moja moja mtoto akitaka, tumnunulie gilasi ndogo kabisa, bila krimu, sirapu ipunguzwe, mchana na si jioni. Watoto wawili wanaweza kugawana moja kwa mrija miwili. Enyi wanafunzi wakubwa mnaotunza fedha zenu ili mpige picha na gilasi hizo, kumbukeni yule mwenzenu anayeketi nanyi mkeka mmoja, ambaye baba yake hana shilingi 500 za kuchezea. Msimfanye ajione amepungukiwa.

Nyumbani tupunguze kijiko kidogo kidogo. Sisi tulitoka vijiko 3 tukaenda 2, kisha 1. Wiki ya kwanza walinung'unika wote, nami nikiwa mmoja wao. Maji na maziwa yasiyotiwa sukari yanatosha kwa siku nyingi, na dafu likipatikana ni neema. Juisi ya matunda pia tusiichukulie kama maji, kwani tunda likikamuliwa sukari yake hutoka na nyuzi zake hubaki kwenye chujio.

La mwisho ni la walimu na wazazi. Tuangalie zawadi tunazozifunga na Qur'ani. Mtoto akizoea kwamba kila sura ina gilasi yake, ipo siku ataacha sura gilasi ikikosekana.

Nilimwomba binti yangu msamaha. Haikuwa rahisi, maana sisi baba hatukuzoeshwa, lakini nilimwomba mbele ya bibi yake kama nilivyomgombeza mbele yake. Baada ya siku tatu, wakati wa Alasiri, alisimama mkekani akamsomea bibi yake Suratun Nabaa yote, aya 40, bila kudokezwa. Bibi alimpa tende mbili. Hata leo bado anaipenda ile kahawa ya povu, na tukipita kule madukani huitazama, kisha hunitazama mimi. Mara moja nimemnunulia ya vanila, ndogo, akagawana na kaka yake, saa 5 za mchana. Usiku ule nilikwenda mara mbili kumtazama kama amelala. Alikuwa amelala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachunga wema wa amana alizotupa, awape watoto wetu afya na elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.